Upanga wa Kushoto

Sogeeni karibu, wanangu. Veit, waambie mafundi waweke nyundo chini kwa muda, nimezisikiliza tangu siku niliyoolewa na leo nataka nijisikie mwenyewe nikisema. Apollonia, inua mto, siyo hivyo, unanikaba, ndiyo, hapo. Huu mkono wa kulia uwekeni tu juu ya blanketi, maana tangu sikukuu ya Mtakatifu Martini si wangu tena, umelala kama donge la unga lililokosa hamira, na mdomo nao umevutwa upande, kwa hiyo mtanivumilia maneno yakitoka yamekunjamana. Mchungaji amekwisha kuja, amenilisha meza ya Bwana, amenisomea, ameondoka na kipande kikubwa cha mkate wa asali. Sasa ni zamu yenu, na msinikatize, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja.

Nimechoka, wanangu. Sisemi hivyo ili mnionee huruma, nasema kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Nimechoka na mguu huu, nimechoka na supu ya bia, nimechoka na kengele za Mtakatifu Lorenz zinazogonga kana kwamba kuna mtu hapa mjini asiyejua kwamba saa zinakwenda. Lakini zaidi ya yote nimechoka na ninyi wawili. Tangu Kwaresima hamsemezani. Mnakaa meza moja, mnakula dengu za chungu kimoja, na chumvi inapitia kwangu. "Mama, mwambie Veit anisogezee chumvi." "Mama, mwambie huyo binti yako kwamba ana mikono." Mimi mwenye nusu ya mwili nimefanywa tarishi wa watu wazima wawili, na barua zenyewe ni chumvi.

Na ugomvi wenu ni wa sinia. Lile sinia kubwa la fedha lililofungwa kwa blanketi chini ya kitanda hiki, ambalo baba yenu, Sebald, alilifua kwa ajili ya Baraza la mji na Baraza likalikataa. Veit anataka kuliyeyusha, Apollonia anasema litayeyushwa yeye akiwa kaburini. Nimewasikia nyote wawili kupitia ukuta. Najua kila mmoja anangoja niseme niko upande wake, na leo nitasema, ila kwanza mtasikia jambo ambalo hamlijui, kwa sababu mnagombania kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukiona.

Veit, wewe shida yako naijua na ni shida ya kweli. Mimi nikifumba macho, haki ya mjane kuendesha karakana ya mumewe inakufa pamoja nami. Watakwenda Jumba la Baraza, watachukua lile bamba lenye alama za masonara wote wa Nuremberg, na alama ya baba yenu wataipiga patasi, na karakana hii itafungwa, na mafundi wale wataondoka na mabegi yao mgongoni kutafuta mlango mwingine. Hilo litaepukwa tu kama wewe umekwisha kuwa fundi mkuu, na huwezi kuwa fundi mkuu mpaka uwapelekee wakaguzi walioapishwa kazi tatu za mtihani: pete, na muhuri, na kile kikombe chenye umbo la ua linaloinamisha kichwa, ambacho kimewatoa machozi vijana wenye mikono mizuri kuliko yako. Kikombe kinataka fedha. Fedha iliyobaki nyumbani humu imo chini ya mgongo wangu. Nimekuelewa, baba. Lakini si hilo tu. Unataka pia lisionekane tena, kwa sababu ya yule mwanamke aliye katikati yake, Haki, aliyeshika upanga kwa mkono wa kushoto, na ambaye kila sonara wa mji huu amemcheka.

Nawe Apollonia, mama, unalitaka kwa sababu uso wa yule mwanamke ni uso wa dada yako Kunigunda, aliyekubeba mgongoni nilipokuwa sina nafasi ya kukubeba, na hakuna mchoro mwingine wa uso ule popote duniani. Nimekuelewa wewe pia. Nyamaza, usilie sasa, utalia baadaye, nina mengi.

Mnajua mimi sikupata kuipenda ile miungu ya kale tunayoifua kwenye vyombo. Watu wakija dukani hushika kidevu wakasema, ah, Neptuni, ah, Bahati juu ya mpira wake, ah, Wakati na mundu wake, maana yake nzito iliyoje! Mimi ndiye niliyewasugua. Baba yenu aliwafua, mafundi wakawatia dhahabu, halafu wakaja kwangu weusi kwa lami na moshi, nami kwa brashi na siki na machicha ya mvinyo nikawaogesha mmoja mmoja. Nimemsugua Neptuni makwapa. Nimemsugua Jupita akiwa ng'ombe, akiwa ndege, akiwa mvua, na kila alipojigeuza alinizidishia pembe na kona za kuchokoa uchafu. Nimewasugua Fadhila zote saba, Imani, Tumaini na wenzao, na nawaambieni hawana tofauti. Ni mwanamke mmoja. Yumo ndani ya lile sanduku la mbao, yule sanamu wa risasi wa kunakiliwa, ambaye babu yenu alimnunua kwa mfanyabiashara wa Augsburg. Mpe nanga, ni Tumaini. Mpe nyoka, ni Busara. Mvue kitambaa, ni Venusi, na bei inapanda. Amezaa miungu ya nusu ya meza za mji huu na tumbo lake bado bapa, Mungu amsamehe.

Basi Baraza lilipotaka sinia, wakaagiza katikati akae Haki, na pembeni yake kitoto chenye mbawa kikipuliza tarumbeta, na ukingoni Herkule na taabu zake zote. Baba yenu akamtoa yule mwanamke wa risasi sandukuni, akamweka mezani, akamtazama siku nzima. Jioni akaniambia, "Felicitas, huyu nimemchoka. Hajawahi kumhukumu mtu huyu. Anaonekana kama anangoja kuletewa viatu."

Ninyi mlikuwa wadogo, Apollonia ulikuwa hujaota meno. Kunigunda alikuwa jikoni akikata vitunguu. Baba yenu akaingia, akachukua kijiti cha kuchochea moto, akampa. "Shika hiki kama upanga." Yule mtoto akacheka. "Haki gani inanuka vitunguu?" Akakishika kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa, na baba yenu akaanza kuchora kwa mkaa, akafuta, akachora, akafuta. Nakumbuka dada yenu alivyosema, kwa sauti yake ile ya kuchoka upesi, "Baba, mkono huu hauna nguvu. Nikishika hivi naona kama namwomba mtu radhi." Baba yenu akasema, "Basi shika unavyojua mwenyewe."

Akahamisha. Ninyi hamkumbuki, lakini dada yenu alikuwa wa kushoto. Mwalimu alimfunga mkono ule kwa utepe nyuma ya kiti, mtaa mzima ulijua, alijifunza kuandika na kula kwa wa kulia mbele za watu, na akiwa nyumbani kila kitu alikifanya kwa ule mwingine. Alipohamisha kile kijiti, mabega yakatulia, shingo ikanyooka, akatazama mbele. Sikufundishwa kuchora, lakini mimi mwenyewe, mama yake niliyemzaa, nilijikuta nafikiri kama kuna jambo nimekosa. Baba yenu akasema polepole, "Ndiye huyu." Akachora mpaka mkaa ukaisha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kiwiliwili kile si chake. Kifua kile kilicho wazi, na kile kitambaa kinachopeperushwa na upepo usiokuwapo, ni vya yule mwanamke wa risasi, kama desturi. Dada yenu alisimama na aproni yake iliyofungwa mpaka shingoni. Cha kwake ni uso, na mkono, na ule usimamaji. Baba yenu aliviunganisha juu ya lami inayoshikilia bamba, akigonga mbele, akigeuza, akigonga nyuma, miezi mingi.

Siku ya kulipeleka nilikwenda naye Jumba la Baraza, nikasimama mlangoni na kitambaa changu cha kufutia alama za vidole. Waheshimiwa walikuwa wamekaa, na wakaguzi walioapishwa pembeni, na miongoni mwao Lienhart Muckenhaupt, ambaye bado yuko hai, bado mkaguzi, na ambaye wewe Veit utampelekea kikombe chako. Wakalifunua. Mheshimiwa mmoja akainuka kitini. Halafu Muckenhaupt akainamisha kichwa, akakiinamisha upande wa pili, akapiga kofi paja lake. "Mwenzetu Sebald! Karatasi uliigeuza! Umetuletea Haki ya kwenye kioo!"

Mnajua jambo lenyewe, kila mwanafunzi wa kazi hii amewahi kulifanya na kuchapwa kwa ajili yake: unachukua mchoro, unaubandika upande wa nyuma wa bamba, unaufuata kwa nukta, na ukigeuza bamba kila kitu kimehama, wa kulia amekuwa wa kushoto. Ni kosa la mtoto wa mwaka wa kwanza. Walicheka hadi yule mheshimiwa aliyeinuka akafuta macho. Mmoja akasema, "Akitoa hukumu huyu, aliyeibiwa ndiye atakayenyongwa."

Baba yenu alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema, nilijua, alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Kisha akageuka, akanitazama mimi pale mlangoni. Nami nilielewa kwa wakati ule ule alioelewa yeye. Angesema, "Sikugeuza, mtu aliyenisimamia ni wa kushoto," swali la pili lingekuwa nani aliyesimama, na wala lisingehitaji jibu, mtaa mzima ulimjua aliyefungwa mkono kwa utepe. Na pale mezani kilikuwapo kifua wazi. Nani angekaa chini asikilize habari za mwanamke wa risasi? Dada yenu alikuwa ameposwa na kijana wa mwandishi wa mahakama, watu wanaohesabu vifungo vya nguo za wasichana kanisani. Baba yenu akafunga mdomo. Akasema, "Ndiyo. Niligeuza karatasi. Macho yanachoka."

Hivyo tu. Akalifunga sinia kwa blanketi, tukarudi nalo nyumbani, kazi akapewa Muckenhaupt, na Baraza halikumwagiza baba yenu hata kijiko tena hadi alipokufa.

Veit, usiinamishe kichwa, nitazame. Najua wanachokuambia kwenye ukumbi wa kunywea. "Veit, baba yako alishika kikombe kwa mkono gani?" Najua ulirudi siku ile na pua inavuja damu ukasema umejikwaa. Najua watoto walivyokuwa wakimfuata baba yenu barabarani wakitembea kinyumenyume. Umekua ukimwonea aibu baba mwenye mikono iliyokuwa bora kuliko yote upande huu wa mto Pegnitz, na yeye akakuacha umwonee, na mimi nikakuacha, kwa sababu aliniapisha: nisiseme maadamu yupo hai mtu ambaye neno hilo lingeweza kumuumiza. Nendeni mkalitazame sinia mchana kweupe. Kile kitoto chenye mbawa kimechorwa karatasi moja na Haki, na kinashika tarumbeta kwa mkono wa kulia. Karatasi ikigeuka, wote wanageuka. Wataalamu wote wale, na hakuna aliyemtazama mtoto.

Na mwisho wake mnaujua. Harusi haikuwapo. Ugonjwa uliingia mjini mwaka uleule, ukapita mtaani kwetu mlango hadi mlango, na kwetu ukamchukua yeye. Yule mchumba alioa Leipzig na huko akazikwa. Baba yenu alikuwa amelinda kitu ambacho kilitoka nyumbani kimefungwa sanda. Nilimwambia, nilimpigia kelele nikiwa nimemshika kola, "Sasa sema! Nenda kwa Muckenhaupt, nenda Barazani, sema!" Akaniambia, "Felicitas, akiwa hai angeweza kujibu. Sasa watamsema na hawezi hata kuwarushia kitunguu." Akaenda kukaa kwenye benchi lake. Basi nimekuwa nikipitisha majina kichwani, ni nani aliyebaki wa kuumizwa, nikaona aliyebaki ni mimi, nami naondoka.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Sasa sinia. Apollonia, umeshika mkono wangu ule usiosikia, shika huu mwingine. Hivyo. Unafikiri nitasema libaki. Mama, limenichosha hilo pia. Kila Krismasi nalitoa, nalisugua, kwa sababu fedha usipoisugua inakuwa nyeusi na uso wake unazama. Na kila ninapomsugua namwondoa kidogo. Mwaka huu kabla ya kuanguka nilipitisha kidole puani mwake, ile pua ya kwetu yenye nundu, nundu haipo. Nimeisugua hadi imekwisha. Mimi, kwa mapenzi. Ukilirithi utafanya hivyohivyo, na wanao, na mwisho mtakuwa mnamtunza mwanamke asiye na uso, yule wa sandukuni. Fedha haijui kumtunza mtu, wanangu, hilo nimelijua nimechelewa.

Kwa hiyo mtafanya hivi, na mtafanya pamoja, maana hakuna anayeweza peke yake. Apollonia, wewe una mkono mwepesi wa chokaa kuliko kaka yako, utachukua kalibu ya Haki yule wa katikati, mzima, na upanga wake, na utamimina risasi. Nundu ya pua utairudisha wewe kwa kisu, ndani ya kalibu, kabla hujamimina. Unaikumbuka kwa sababu unayo mwenyewe. Kisha Veit atalikata sinia. Utalikata wewe mwenyewe, baba, si fundi wa kuajiriwa, na kile kipande chenye uso ukitie chunguni mwisho. Kikombe cha mtihani kifanye kama wanavyotaka, ua liiname wanapotaka liiname, usiweke ujanja wowote ndani yake. Muckenhaupt atakuuliza kama umeangalia karatasi yako iko upande gani. Mjibu, "Ndiyo, mzee," upokee alama yako, utoke. Amezeeka, ana mawe kwenye figo, na hajui alichofanya; sitaki umchukie, chuki ni kazi, na kazi mnayo ya kutosha.

Ile risasi ipelekeni kwa mfua shaba wa makaburini, ainakili kwa shaba. Kwenye jiwe letu kule Mtakatifu Rochus, ambako dada yenu yupo na baba yenu yupo na nafasi yangu inaningoja, pana bamba dogo la shaba lenye jina la babu tu. Liondoeni. Mwekeni yeye, mbele ya watu wote, kwenye mvua, mahali ambapo hapahitaji kusuguliwa. Chini yake andikeni majina yetu na mistari miwili atakayowachagulia mchungaji, si mirefu, watu wanasoma wamesimama. Mfua shaba atawaambia, "Jamani, huyu upanga wake uko kushoto, niubadilishe?" Mtamwambia hapana. Watu watauliza. Waambieni. Mwambieni kila anayeuliza, kwa jina lake: Kunigunda, binti Sebald, alisimama hivi.

Sanduku la sanamu za risasi lisigawanywe. Likae karakanani, na Apollonia aingie achukue chochote, saa yoyote, bila kubisha hodi. Nguo zangu za sufu mpeni mpishi wetu. Kitanda… hicho mtaamua. Na chumvi. Chumvi mtapeana kwa mikono yenu, mnasikia?

Kuna giza, au mmefunga dirisha lote? Basi sawa. Litoeni hilo sinia. Lifungueni hapa, juu ya tumbo, haliniumizi. Veit, ongoza kidole changu. Hapa ni Herkule, mwache. Hapa… tarumbeta. Hapa ni yeye. Ndiyo. Shavu bado lipo.

Imetosha. Lichukueni. Chukueni nyote wawili, huku na huku, ni zito.

Rudini, bado. Pigeni magoti hapa, upande huu, siwezi kugeuka. Vichwa karibu, nivifikie vyote viwili. Mungu awalinde, Veit. Mungu akulinde, Apollonia. Awape… kazi, na mkate, na mtu wa kuongea naye mezani. Nawabariki kwa mkono wa kushoto, wanangu.

Si kosa.